Anapochukuliwa Mtu Wetu: Haki za Mfungwa Mbele ya Mahakama ya Kijeshi



Ukitoka Nairobi kwa njia ya Thika, kabla hujafika Ruiru utaipita kambi ya jeshi ya Kahawa. Ukiingia ndani kidogo utalikuta gereza la Kamiti, na jirani yake Mahakama ya Kahawa, ambako husikilizwa kesi nyingi za watu wanaoshitakiwa kwa ugaidi. Ruiru kwenyewe kuna chuo wanakofunzwa askari wa magereza. Ukiendelea hadi Thika, iko kambi ya wahandisi wa jeshi. Familia zetu za Pwani zilizohamia huko kwa kazi, biashara na ndoa zinaishi katikati ya majengo hayo. Huenda mama mmoja akawa na jirani wa kulia ambaye mumewe ni mwanajeshi, na jirani wa kushoto ambaye mwanawe yumo rumande.

Akina mama wa huko wamekuwa wakituuliza swali moja kwa sura nyingi. Mtu wetu akichukuliwa, akasimamishwa mbele ya wanajeshi wenye nyota mabegani, je, amebakiwa na haki yoyote? Au ndiyo tumwachie Mungu, tufunge mlango na tunyamaze? Tumeona tulijibu swali hili kwa utulivu, kwa kuwa asiyejua haki yake hudhulumiwa mara mbili: kwanza na aliyemdhulumu, kisha na ujinga wake mwenyewe.

Tuseme mapema, ili tusieleweke vibaya. Hatuandiki kumtetea muuaji. Tarehe 7 Agosti 1998, mlipuko katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi uliua watu 213, wakiwemo Waislamu wenzetu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Damu hizo zina haki yake, na wenye damu wana haki ya kuona mkosaji anaadhibiwa. Lakini ili mkosaji aadhibiwe ni lazima ajulikane kwanza, na njia ya kumjua ni kesi iliyosikilizwa kwa haki. Akifungwa asiyehusika, mhalifu hubaki mitaani na aliyefiwa hubaki bila jibu.

Dini yetu inasemaje

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipomtuma Sayyidna Ali kuwa kadhi Yemen, alimuusia asimhukumie mtu mmoja mpaka amsikilize na wa pili. Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuzihakiki habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu ya msingi huo kanuni ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anaijua: mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibiti kinyume chake, na mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi.

Kisha kuna kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Aliwekwa gerezani miaka kwa tuhuma ya uongo. Mfalme alipomwita atoke, hakukimbilia mlangoni. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza jambo lake lichunguzwe na ukweli ubainike. Hapa pana mafundisho makubwa kwa familia zetu. Kuachiliwa ni jambo moja, na kusafishwa jina ni jambo jingine. Mfungwa ana haki ya yote mawili.

Mahakama ya kijeshi ni ipi

Wengi wetu huzichanganya mahakama. Mahakama ya Kahawa, ingawa iko jirani na gereza na kambi, ni mahakama ya kiraia yenye hakimu wa kawaida. Mshitakiwa wa ugaidi aliye raia hupelekwa huko au kwenye mahakama nyingine ya kiraia. Mahakama ya kijeshi ni kitu kingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 169, inaitaja miongoni mwa mahakama za chini, na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 ndiyo inayoeleza utaratibu wake. Kazi yake ni kuwahukumu watu walio chini ya sheria ya jeshi kwa makosa kama vile kutoroka kazini, kuasi amri na kusaidia adui.

Mahakama hiyo huongozwa na mwanasheria, ambaye ni hakimu au wakili mwenye uzoefu mrefu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Pamoja naye huketi maofisa wa jeshi: wasiopungua 5 ikiwa mshitakiwa ni ofisa, na wasiopungua 3 ikiwa ni askari wa cheo cha chini. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na mahakama ya kawaida. Wanaomhukumu askari ni watu wa jeshi lile lile lililomkamata na kumshitaki. Ndiyo maana sheria ikaweka mwanasheria kuwa kiongozi wa kikao, na ndiyo maana mlango wa rufaa ukaachwa wazi kuelekea Mahakama Kuu, ambako jaji hana kamanda wa kumpigia saluti.

Mke wa mwanajeshi na afahamu jambo hili vizuri. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria ipunguze baadhi ya haki za wanajeshi, zikiwemo faragha, kukusanyika, kuandamana, na hata baadhi ya haki za mtu aliyekamatwa. Lakini kifungu kinachofuata, cha 25, kimetaja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa mtu yeyote, awe na gwanda au asiwe nalo. Nazo ni uhuru wa kutoteswa na kutotendewa ukatili, uhuru wa kutofanywa mtumwa, haki ya kuhukumiwa kwa njia ya haki, na haki ya kuiomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake.

Hiyo haki ya kuhukumiwa kwa haki imefafanuliwa katika kifungu cha 50. Mshitakiwa huhesabiwa hana hatia. Aelezwe shitaka lake kwa ukamilifu. Apewe muda na nafasi ya kutosha kujitayarisha. Achague wakili wake, na akishindwa kumlipa na ikaonekana dhuluma kubwa itatokea, Serikali impe wakili. Anaweza kukaa kimya. Anaweza kuwahoji mashahidi. Apewe mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama. Akipatikana na hatia, ana haki ya rufaa. Na ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zake utupiliwe mbali ikiwa kuupokea kutaiharibu kesi.

Tuliyoyaona Kenya

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni maneno ya karatasi. Basi tutazame yaliyotokea.

Wazee wa Thika wanajua kwamba enzi za hali ya hatari, katika miaka ya 1950, Waingereza waliunda mahakama maalumu za kuhukumu watu wa Mau Mau kwa haraka, na mojawapo iliketi Thika. Hazikuwa mahakama za kijeshi kwa jina, lakini mwendo wake ulikuwa wa vita. Mtu aliweza kunyongwa kwa kukutwa na risasi tu. Hadi hali hiyo ilipomalizika, Waafrika 1,090 walikuwa wamenyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo jamaa zake wanalitafuta kaburi lake. Haki ya haraka iliacha makaburi yasiyojulikana, na nchi ingali inaulizana juu yake baada ya miaka karibu 70.

Kisha likaja jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililofanywa na baadhi ya askari wa Jeshi la Wanahewa. Mamia walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hezekiah Ochuka na wenzake walinyongwa Kamiti mwaka 1987. Wengine walifungwa, na wengine waliachiliwa wakiwa wamevunjika miili na riziki.

Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwa kamanda wa jeshi hilo, Meja Jenerali Peter Kariuki. Mwaka 1983 mahakama ya kijeshi ilimpa kifungo cha miaka 4 kwa kushindwa kuuzuia uasi. Alitumikia kifungo, akapoteza cheo na heshima ya maisha yake. Miaka mingi baadaye aliipeleka Serikali katika Mahakama Kuu, ikathibitika kwamba haki zake za msingi zilivunjwa, akahukumiwa alipwe shilingi milioni 7. Hakuridhika, akaenda Mahakama ya Rufaa, nayo mwaka 2014 ikapandisha fidia hiyo hadi shilingi milioni 15. Wanahewa wengine kadhaa wa cheo cha chini nao walifungua kesi kuhusu mateso waliyoyapata baada ya kukamatwa, na mahakama zikawahukumia fidia.

Tunataka wake na mama za wanajeshi wakitazame kisa hiki kwa pande zote mbili. Upande mmoja, haki ilichelewa zaidi ya miaka 30, na hakuna pesa inayorudisha ujana. Upande wa pili, hukumu ya mahakama ya kijeshi haikuwa neno la mwisho. Karatasi zilizohifadhiwa, na mtu aliyekataa kuchoka, vilitosha kuilazimisha Serikali kujibu.

Jirani zetu Uganda

Tarehe 16 Novemba 2024, mwanasiasa wa Uganda, Dakta Kizza Besigye, alitekwa hapa hapa Nairobi pamoja na mwenzake, Haji Obeid Lutale. Siku 4 baadaye walionekana Kampala, wamesimamishwa mbele ya mahakama kuu ya kijeshi ya Makindye, ilhali wote wawili walikuwa raia. Wakili wao Eron Kiiza alipozozana na askari wa mahakama hiyo, naye akafungwa miezi 9 na mahakama iyo hiyo. Fikirini hali ya mke aliyeagana na mumewe kwa safari ya siku mbili, kisha akamwona kwenye televisheni akiwa kizimbani katika nchi nyingine.

Tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda ikatoa hukumu katika kesi iliyoanzishwa na aliyekuwa mbunge, Michael Kabaziguruka. Ilisema kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na kesi zao zihamishiwe mahakama za kiraia. Ilipofika Februari, Besigye na Lutale wakapelekwa mbele ya mahakama ya kiraia kwa shitaka la uhaini. Lakini Juni mwaka huo huo ikatiwa saini sheria mpya inayowarudisha raia mbele ya wanajeshi katika hali fulani. Kwa hivyo mlango uliofungwa na majaji ulifunguliwa tena na wanasiasa. Hii ni kinyume cha mwongozo uliotolewa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2003, unaosema mahakama za kijeshi ziwe za makosa ya kijeshi tu, yanayotendwa na wanajeshi.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mpaka wa Busia si mbali, na familia zetu zina watoto wanaosoma na kufanya biashara huko. Nairobi iliyomshuhudia Dakta Besigye akitekwa ndiyo Nairobi ya watoto wetu.

Watoto wa Pwani katika Guantanamo

Watu wa Pwani ya Waswahili tumezijua mahakama hizi kwa ukaribu kuliko wengi. Mwaka 2007, Mohammed Abdul Malik Bajabu, Mkenya, alikamatwa Mombasa, na baada ya wiki chache akawa Guantanamo mikononi mwa Wamarekani. Hakufunguliwa shitaka lolote. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka aliokamatwa alikuwa amekwisha kuvunja ungo. Siku hizo hizo za mwanzo wa 2007, makumi ya watu waliokuwa wakiikimbia vita Somalia, wanawake na watoto wakiwemo, walipakiwa kwenye ndege kutoka Nairobi na kurudishwa huko, na wengi wakaishia kwenye jela za Ethiopia bila kufikishwa mbele ya hakimu wa Kenya.

Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika jela za siri, kisha akapelekwa Guantanamo mwaka 2006. Mwaka 2008 alishitakiwa mbele ya tume ya kijeshi kuhusiana na mlipuko wa ubalozi wa Dar es Salaam. Lakini mwaka 2009 alihamishiwa mahakama ya kiraia mjini New York. Hapo jaji alikataa kumpokea shahidi mkubwa wa upande wa mashitaka, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumlazimisha mshitakiwa aseme. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashitaka 284 kati ya 285. Likamtia hatiani katika moja tu, na kwa hilo moja akahukumiwa kifungo cha maisha.

Watu wengi walikasirika, wengine kwa kuwa aliponea mengi, na wengine kwa kuwa alifungwa. Sisi tunaona somo. Mahakama ya wazi, yenye jaji huru na wakili anayesema bila woga, haikuwa udhaifu. Iliutupa ushahidi uliochafuka, ikaupima uliobaki, ikatoa hukumu ambayo dunia nzima iliisikia sababu zake. Wakati huo huo, katika Guantanamo, kuna washitakiwa ambao kesi zao mbele ya tume za kijeshi zimechukua zaidi ya miaka kumi bila kufika mwisho, na mateso waliyotendewa ni sababu kubwa ya kukwama huko. Aliyefiwa hajapata hukumu, wala mfungwa hajapata jibu.

Familia ifanye nini

Akina mama, tuje kwenu sasa, kwa sababu siku ya msiba wa aina hii ninyi ndio mnaobaki nyumbani na simu mkononi.

Kwanza, andikeni. Siku, saa, mahali, namba ya gari, mavazi ya waliomchukua, majina ya walioona. Kumbukumbu ya mtu aliye na hofu husahau haraka, lakini daftari halisahau.

Pili, nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, iwe Thika au Ruiru, mkaandikishe taarifa katika kitabu cha matukio na mpewe nambari yake. Raia aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo umeishia siku ya mapumziko. Katika kesi za ugaidi mahakama inaweza kuongeza muda wa kuzuiliwa hadi jumla ya siku 90, lakini ni mahakama inayoongeza, si polisi. Akiwa ni mwanajeshi, kiandikieni kikosi chake barua ya kuuliza yuko wapi na anatuhumiwa nini, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Tatu, tafuteni wakili mapema, kabla mtu wenu hajatia sahihi karatasi yoyote. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huko nyumbani Mombasa wako MUHURI na Haki Africa, ambao wamezishughulikia kesi za namna hii kwa miaka mingi.

Nne, akiwa hajulikani alipo, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri kwamba aliyemshika amlete mahakamani akiwa hai na aeleze sababu ya kumzuia. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, na ada hazitozwi kwa kufungua kesi hizo za haki za msingi. Basi mama asiye na cheo wala mali anaweza kuishitaki Serikali kwa ajili ya mwanawe.

Tano, akihukumiwa na mahakama ya kijeshi, muulizeni wakili siku hiyo hiyo juu ya rufaa ya Mahakama Kuu. Rufaa ina muda wake, nao ni mfupi. Ombeni nakala ya mwenendo wa kesi, muihifadhi na vyeti vya nyumba.

Aibu yetu sisi

Kuna kifungo kingine ambacho hakijengwi na Serikali. Mtu akichukuliwa, majirani huacha kubisha hodi. Watoto wake husemwa madrasa. Mke hukosa mwenzi wa kumsindikiza mahakamani, na wengine humshauri aombe talaka kabla hata kesi haijatajwa. Tumewahukumu watu wetu kwa dhana, ilhali tunalilia Serikali isiwahukumu kwa dhana.

Kumlisha mfungwa na kumfariji ni ibada iliyosifiwa katika Qur'ani, na masahaba waliwagawia mateka wa Badr mikate yao, nao walikuwa maadui waliokuja kuwaua. Seuze mtoto wa jirani ambaye kesi yake haijasikilizwa? Misikiti ya Thika na Ruiru ina mifuko ya mazishi. Na iwe na mfuko wa nauli ya mama wa kwenda Kahawa na Kamiti, na orodha ya mawakili wetu ibandikwe ukutani pamoja na ratiba ya sala. Siku ya kesi kutajwa, waende watu watano au sita wakae kimya kwenye viti vya mahakama. Hakimu huona, askari huona, na mfungwa akigeuka huona kwamba hakuachwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie waliofungwa kwa dhuluma, awarehemu waliouawa bila hatia, na awape majaji wetu, wa joho na wa gwanda, ujasiri wa kuhukumu kwa haki. Aamin.